Shajara ya mradi: istilahi za kusomea kicheko na siasa

Januari, shule zilipofunguliwa

Tumeanza. Tunaandaa faharasa ndogo ya istilahi kwa wasomaji wa fasihi ya Kiswahili, hasa vijana wa kidato cha tano na sita, na tumejifunga kwenye eneo moja tu: kazi zinazochekesha ambazo kicheko chake kimebeba siasa. Tunaoifanya ni walimu kadhaa wa Tanga na Mombasa, pamoja na kundi la wanafunzi wanaokutana Jumamosi kusoma tamthiliya kwa sauti.

Kilichotusukuma ni insha zao. Mwanafunzi anaandika, "Mwandishi ametumia kejeli. Pia ametumia kinaya. Pia ametumia tashtiti," ananukuu sentensi tatu, moja kwa kila jina, kisha anahamia aya nyingine. Majina anayajua. Ambacho hakufundishwa ni la kufanya baada ya kulitaja jina. Nani amekejeliwa? Aliyekejeli ni nani? Maneno hayo angethubutu kuyasema sokoni, mchana, mbele ya mwenye cheo? Mtu akiuliza hivyo, siasa ya tamthiliya inajitokeza yenyewe. Asipouliza, atakuwa amehesabu tamathali tu.

Sharti la kwanza tumelipitisha siku hiyohiyo: hakiingii kidahizo (neno linalofafanuliwa kwenye faharasa) kisicho na mfano wa kazi halisi unaoonyesha istilahi hiyo ikifanya kazi.

Januari, wiki ya mwisho: mpangilio

Hatutapanga kwa alfabeti. Kazi ya namna hiyo ipo: Kamusi ya Fasihi ya K. W. Wamitila, iliyotoka Nairobi mwaka 2003, na kila wiki tunaifungua. Sisi tunapanga kwa maswali manne. Nani anachekwa? Nani anacheka? Kicheko hicho kimeruhusiwa na nani? Kikiisha, nani amepata na nani amepoteza? Chini ya kila swali tunaweka istilahi zinazosaidia kulijibu. Kwa hiyo "dhihaka" na "tabaka" zinaweza kukaa ukurasa mmoja, jambo ambalo alfabeti haiwezi kulifanya.

Mwenzetu mmoja wa Mombasa aliona swali la tatu ni la somo la siasa, si la fasihi. Hoja yake nimeiandika hapa kwa sababu nitairudia tukifika kwenye ramsa za Athens ya kale.

Februari: dhamira na maudhui

Wiki nzima imeliwa na maneno mawili, na haikupotea.

Mwanafunzi wa Tanzania amefundishwa kwamba kazi ya fasihi ina fani na maudhui, na kwamba maudhui ni kapu lenye dhamira, ujumbe, migogoro, mtazamo, msimamo na falsafa. Kwake dhamira ni yale mambo yanayozungumzwa: rushwa, ukombozi wa mwanamke, uongozi mbaya. Kwa hiyo huzungumzia "dhamira kuu" na "dhamira ndogondogo". Mwanafunzi wa Kenya amefundishwa kwamba mambo hayo ndiyo maudhui, na dhamira ni kusudi la mwandishi, lile lililomfanya ashike kalamu. Waweke wote wawili mbele ya tamthiliya moja, uwaulize dhamira yake, na kila mmoja atakupa jibu sahihi kwa mtahini wake na la ajabu kwa mtahini wa pili.

Hapa Tanga hili si jambo la nadharia. Vitabu vinavuka mpaka wa Horohoro kila siku, na mtoto anaweza kuwa na mwongozo wa Nairobi na mtihani wa Dar es Salaam. Tumeamua kutomtangaza mshindi. Kila kidahizo chenye mgawanyiko kama huu kitapata safu mbili, moja ya matumizi ya Tanzania na moja ya Kenya, na chini yake mfano uleule mmoja, ili msomaji aone kwamba tamthiliya haikubadilika. Kilichobadilika ni namna ya kuigawa.

Katika kazi za kuchekesha, hata hivyo, binafsi naona tofauti ya Kenya ina faida ya pekee. Mwandishi anaweza kuweka jukwaani wanawake wanaochekwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jambo linalozungumzwa ni wanawake. Kusudi laweza kuwa kuwadharau, au kumfedhehesha yule aliyezoea kuwadharau. Ukiyaita yote mawili dhamira, unakosa chombo cha kuyatenganisha. Walimu wenzangu wa upande wetu hujibu kwamba chombo hicho wanacho, kinaitwa msimamo. Ni kweli, wanacho, ila msimamo nao umechakazwa na jibu moja, "mwandishi ana msimamo wa kimapinduzi", linalobandikwa kwenye kila kazi ambamo maskini wameonewa. Asili ya jibu hilo ni ya heshima: ni uhakiki wa Kimarx uliostawi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, ambao ulitaka kujua kazi ya sanaa iko upande wa tabaka gani. Lilikuwa swali zito, likageuka kuwa sentensi ya kukariri. Kwenye kidahizo cha "msimamo" tumelirudisha katika sura ya swali.

Februari, katikati: ramsa, futuhi, komedi, kichekesho

Maneno manne yanayogongana. Tumeyapa kazi hivi: "ramsa" ni utanzu wa tamthiliya inayofurahisha na kumalizikia kwenye upatanisho, "futuhi" ni ile hali ya kuchekesha popote inapotokea, hata katikati ya tanzia (tamthiliya ya huzuni), "kichekesho" ni igizo fupi linalotegemea vituko na matendo ya mwili, "komedi" tumeiacha kwa maonyesho ya televisheni na majukwaa ya leo, kwa sababu ndivyo watu wanavyolitumia. Najua wapo watakaotumia ramsa na komedi kwa maana moja, na tumelitaja hilo.

Kwenye kichekesho tumekaa zaidi. Wakati wa ukoloni maigizo mafupi yaliyoitwa vichekesho yalienea Tanganyika, na aliyekuwa akichekwa humo mara nyingi ni mshamba: mtu aliyetoka kijijini asiyejua mambo ya mji, asiyejua kutumia vitu vya Wazungu. Ukimwuliza mwanafunzi nani anachekwa, jibu ni rahisi. Ukimwuliza nani anapata, anatulia. Kicheko kile kilimfundisha Mwafrika kumcheka Mwafrika mwenzake kwa kosa la kutofanana na mtawala. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alisema katika Poetics kwamba ramsa huiga watu walio duni kuliko wa kawaida, na kwamba kinachochekesha ni kasoro au ubaya usioleta maumivu wala madhara. Fasili hiyo tumeiweka, kisha chini yake tumeweka mshamba wa vichekesho. Madhara hayakosekani kwa sababu tu hakuna aliyelia.

Machi: Mabepari wa Venisi

Hii ndiyo kazi tuliyoisoma kwa muda mrefu kuliko zote, na ningependa tungekaa nayo zaidi.

Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthiliya hii ya Shakespeare mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa. Kichwa cha Kiingereza kinamtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio, si Shylock, Myahudi mkopeshaji, kama wengi wanavyodhani. Nyerere aliandika "mabepari", kwa wingi. Neno lenyewe, bepari, lilikuja pwani na wafanyabiashara wa Kihindi likiwa na maana ya mchuuzi mkubwa, mtu wa biashara. Lakini kufikia 1969, Tanzania nzima ilikuwa imesikia redioni kwamba nchi ya ujamaa haina ubepari wala ukabaila. Msomaji wa wakati huo hakuweza kukisoma kichwa kile bila kulisikia Azimio.

Kwa hiyo swali la kwanza Jumamosi lilikuwa: mabepari ni akina nani? Wanafunzi waligawanyika. Wapo waliosema ni Shylock peke yake, kwa sababu anakopesha kwa riba. Binti mmoja akapinga vizuri sana: Antonio ana mali yake yote ndani ya merikebu zilizo baharini, mabaharia ndio wanaokufa zikizama, na faida ni yake, hatozi riba, lakini anaishi kwa jasho la nani? Kuna Bassanio pia, rafiki wa Antonio na mkopaji wa asili, anayekwenda Belmont kumposa binti tajiri Portia, na jambo la kwanza analolitaja katika sifa za binti huyo ni urithi. Tuliposoma tena kwa macho hayo, wingi ule wa kichwa cha habari ulitupa kazi ya mwezi mzima. Vidahizo vilivyotoka hapo ni mtaji, riba, dhamana, tabaka na ubepari, na kwenye ubepari tumelazimika kutenga ubepari wa biashara wa karne ya 16 na ule wa viwanda uliokuja baadaye. Marx mwenyewe, katika juzuu ya kwanza ya Capital (1867), kwenye sura ya siku ya kazi, anatumia maneno ya Shylock ya kudai sheria na mkataba wake ili kuonyesha jinsi mtaji ulivyong'ang'ania sheria neno kwa neno watoto walipokuwa wakifanyishwa kazi viwandani. Kwa wale waliodhani fasihi na itikadi ni vipindi viwili tofauti kwenye ratiba, mfano huo ulitosha.

Sasa upande wa kicheko. Chapa kubwa ya kazi za Shakespeare ya mwaka 1623 imeiweka tamthiliya hii miongoni mwa ramsa, na kwa umbo ni ramsa kweli: kuna mapenzi, wanawake waliovaa kama wanaume, pete zilizotolewa kinyume na ahadi, na mwisho wa ndoa. Lakini kwenye kesi ambamo Shylock anadai ratili ya nyama ya mwili wa Antonio kwa deni lisilolipwa, baada ya Portia, aliyejigeuza hakimu kijana, kugeuza hukumu kwa hoja kwamba mkataba unaruhusu ratili moja ya nyama bila tone la damu, Gratiano, rafiki wa Bassanio, anaanza kumzomea Shylock kwa maneno yaleyale ambayo Shylock alikuwa ameyatumia kumsifu hakimu kijana. Anamrudishia jina la Danieli, hakimu mwenye hekima wa Biblia, tena na tena. Huu ndio mfano tuliouweka kwenye "dhihaka": kuchukua maneno ya mtu aliyeanguka na kumpiga nayo mbele ya watu. Tofauti na kejeli, dhihaka haitaki kurekebisha chochote. Inataka kufurahia anguko.

Na nani amepoteza? Shylock ananyang'anywa mali na kulazimishwa kuwa Mkristo. Hapa kidahizo cha "riba" hakiwezi kukaa bila historia. Venice ilikuwa imewatenga Wayahudi katika mtaa wao maalumu tangu 1516, na kuwafungia kazi nyingi. Kukopesha ilikuwa mojawapo ya chache walizoachiwa, kisha wakachukiwa kwa kuifanya. Ukiisoma tamthiliya kama vita vya wanyonge dhidi ya mnyonyaji, huyo Myahudi anakuwa kupe tu, na unakuwa umeungana na Gratiano. Ukiisoma kama ubaguzi peke yake, Antonio anabaki malaika. Nimewaomba wanafunzi waandike aya mbili, moja kwa kila usomaji, na wasiharakishe kuzipatanisha. Baadhi ya aya hizo ni bora kuliko miongozo niliyonunua.

Machi, mwishoni

Jedwali la chuku na mubaalagha limekamilika: jambo moja, majina mawili, Kenya zaidi la kwanza na Tanzania la pili. Tashihisi na uhuishaji vivyo hivyo. Sitiari, istiara na jazanda bado, maana hapo tofauti si ya majina tu.

Aprili: tashtiti, na safari ya Athens

"Tashtiti" ni neno lililogawanyika vibaya zaidi. Katika vitabu vingi vya shule ni mbinu ya kuuliza swali ambalo jibu lake linajulikana. Katika uhakiki wa ngazi ya juu, Wamitila akiwemo, ni ule uandishi unaoshambulia maovu ya jamii kwa kuyachekesha. Maana ya kwanza ni sentensi moja, ya pili inaweza kuwa kitabu kizima. Tumeziweka zote, na ya pili tumeipa mifano kutoka mahali ilipokuwa na meno makali kabisa.

Athens ya karne ya 5 KK iliruhusu ramsa zimtaje mtu kwa jina, akiwa amekaa palepale kwenye viti. Aristophanes, mwandishi wa ramsa, alimshambulia Cleon, mwanasiasa mwenye nguvu kuliko wote wa wakati huo, katika tamthiliya ya mwaka 424 KK. Kabla ya hapo Cleon alikuwa amemburuta mbele ya baraza kwa sababu tamthiliya ya mwaka 426 KK iliisema vibaya dola mbele ya wageni waliokuja kwenye sikukuu. Aristophanes hakunyamaza, mwaka uliofuata aliisimulia kadhia hiyo jukwaani. Hapa ndipo ninapomrudia mwenzangu wa Mombasa. Nani anaruhusu kicheko ni swali la fasihi, kwa sababu jibu lake linaamua mwandishi ataandikaje. Anayeruhusiwa kutaja jina hutaja. Asiyeruhusiwa hufumba. Mtindo mzima wa kazi unategemea hapo. Amekubali, na swali la tatu limebaki.

Lakini uhuru huo haukuwapiga wakubwa peke yao. Mwaka 423 KK Aristophanes alimweka mwanafalsafa Socrates jukwaani akining'inia ndani ya kapu, mwalimu wa ujanja wa maneno anayewafundisha vijana kukwepa madeni. Miaka 24 baadaye Socrates alipofikishwa mahakamani, mwanafunzi wake Plato anamwonyesha akiwaambia majaji kwamba washitaki wake wa zamani zaidi ni uvumi, na anaitaja ramsa ile. Wanafunzi walikaa nalo sana. Nilitaka wakae nalo. Tashtiti haiulizi kwanza kama shabaha yake ina hatia.

Mfano wa pili ulizua mjadala mkubwa zaidi. Yapata mwaka 391 KK Aristophanes alionyesha wanawake wa Athens wakivaa ndevu za bandia na kwenda kwenye mkutano wa wananchi, ambako hawakuwa na haki ya kuingia, na kupitisha kura ya kujikabidhi dola. Kiongozi wao, Praxagora, anatangaza kwamba mali yote itakuwa ya wote: ardhi, fedha, chakula. Mume wake anamwuliza, basi mashamba atalima nani? Anajibu: watumwa.

Neno moja, na ukumbi ulicheka, maana kwao jibu lilikuwa la kawaida. Kijana mmoja wetu hakucheka. Akasema Azimio la Arusha lingemkataa Praxagora, kwa kuwa nchi ya ujamaa ni nchi ya wafanyakazi na kila mtu ale kwa jasho lake. Mwingine akasema sivyo: kila wakati usawa unapotangazwa, lazima kuwe na swali hilo la mume, mashamba atalima nani. Tumelichukua swali lake na kuliweka chini ya kidahizo cha "usawa". Sijui njia bora zaidi ya kumfundisha mtoto wa miaka 17 maana ya itikadi: seti ya mawazo ambayo mwenye nayo haoni tena nani yuko nje yake.

Mei: ngonjera

Kidahizo kifupi, lakini chenye uzito. Mathias Mnyampala wa Dodoma ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa ngonjera, na baada ya Nyerere kuwaomba washairi mwaka 1968 waende kuueleza ujamaa kwa wananchi, ngonjera zilienea katika kila shule. Umbo lake: mjinga na mwerevu wanabishana kwa mashairi, mjinga anashindwa, wanamaliza wakiwa kauli moja. Wazee wetu wengi bado wanazikumbuka kwa moyo.

Tumeiweka karibu na tashtiti makusudi. Zote mbili zinahubiri siasa, zote zina mtu wa kuchekwa. Katika ngonjera anayechekwa ni yule asiyekubaliana na serikali, na kazi haiishi mpaka akubali. Wala sisemi hivyo kwa kuzibeza. Zilifundisha watu kusema mbele ya hadhara, na lugha yake ina ufundi. Ila mwanafunzi anayejua umbo hilo atatambua haraka tamthiliya inapokataa kulimaliza.

Mei, katikati: kaptula

Kutoka hapo tukaingia kwenye Kaptula la Marx ya Euphrase Kezilahabi, tamthiliya iliyoandikwa miaka ya 1970 na kuchapishwa miaka mingi baadaye, mwaka 1999. Rais Kapera na mawaziri wake wamo safarini kuelekea nchi ya Usawa, na kaptula aliyoivaa rais, ya Marx, ni kubwa mno kwake. Angalia kichwa: kwa kawaida tunasema kaptula ya fulani. Hapa ni kaptula *la*. Ngeli peke yake imeshaipanua nguo kabla pazia halijafunguliwa, na mwanafunzi aliyezoea kuona ngeli kama adhabu ya sarufi ameiona ikifanya tashtiti.

Nani anachekwa? Si mshamba. Si yule mbishi wa ngonjera. Safari hii ni mkuu wa nchi na wazo alilolivaa. Je, wazo lenyewe linachekwa? Tumebishana. Mimi naona kinachochekwa ni kulivaa bila kulipima, na fundi asiyeitwa ni mwananchi. Mwalimu mwenzangu anaona Kezilahabi alikuwa na shaka na nguo yenyewe. Kidahizo cha "tashtiti ya itikadi" kina hoja zote mbili, bila majina yetu.

Juni: utani

Hiki ndicho kidahizo ninachokipenda kuliko vyote. Nadharia nyingi za kicheko tunazofundisha zimetoka Ulaya, ilhali tuna asasi kamili ya kicheko nyumbani.

Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani. Mtani anaruhusiwa kukutukana usoni, kuchukua kitu chako, kukuzuia mlangoni, na huwezi kukasirika. Msibani ndiko kazi yake inapoonekana zaidi: anamwigiza marehemu, anataja ubahili wake, anadai deni kwa maiti, na wafiwa waliokuwa wakilia wanacheka. Huyo huyo atachimba kaburi na kubeba maji. Utani una sheria: nani kwa nani, wapi, kwa mipaka gani. Kwa maswali yetu manne unajibu hivi: anachekwa aliye sawa nami, ananicheka na yeye, ruhusa imetoka kwa mababu zetu wote wawili, na hakuna anayepoteza.

Sasa chukua kipimo hiki ukiweke mbele ya kichekesho cha mshamba. Mshamba hakuwa na zamu ya kumcheka mtu wa mjini. Hapo tofauti kati ya utani na dhihaka inakuwa wazi hata kwa mtoto wa darasa la saba: ni suala la zamu. Wanasiasa wetu hupenda kusema "ni utani tu" wanapowakejeli walio chini yao. Kwa kanuni za watani wenyewe, utani usiorudishika si utani.

Juni, mwishoni: fumbo na kinaya

Mwenzetu wa Mombasa ameandika kidahizo cha "fumbo" kwa Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki 1840, ambaye aliwapigania Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, kwa mashairi dhidi ya Seyyid Said wa Zanzibar. Ameeleza vizuri kwamba fumbo la Muyaka halikuwa la kujificha tu. Lilikuwa pia mwaliko wa kujibiwa, kwani ushairi wa wakati ule ulikuwa wa kujibizana. Kwa hiyo fumbo tumelitoa chini ya "uoga" lilipokuwa limewekwa kwenye rasimu.

Kinaya tumekipa mfano wa tamthiliya ya Kigogo ya Pauline Kea: Sagamoyo, nchi ya kubuni, inasherehekea miaka sitini ya uhuru huku soko ambalo watu wanategemea limefungwa kwa amri ya mtawala. Haihitaji maelezo marefu. Hakuna aliyesema kinyume cha anachomaanisha. Hali yenyewe ndiyo inayojipinga. Kwa hiyo kinaya cha hali kimetengwa na kinaya cha usemi.

Julai: kupe na chawa

Wanafunzi wameleta neno lao: chawa. Mtaani leo ni mtu anayejishikiza kwa mwanasiasa au tajiri, anamsifu mtandaoni mchana na usiku, anaishi kwa hilo. Wameuliza kwa nini halimo.

Limeingia, na limekaa jirani na "kupe". Wakati wa ujamaa kupe alikuwa mnyonyaji, anayeishi kwa damu ya wengine, na hakuna aliyekubali kuitwa hivyo. Wadudu wote wawili wananyonya damu. Lakini kupe ni jina alilopewa mwenye nacho na wasio nacho, wakiungwa mkono na chama na dola, lilikuwa shitaka. Chawa ni jina ambalo mtu asiye nacho anajipa mwenyewe, wakati mwingine kwa fahari, kama kazi. Katika nusu karne tusi la kisiasa limehama kutoka kwa anayenyonya hadi kwa anayejishikiza, na mwenye damu ametoka kabisa kwenye picha. Hakuna anayeuliza ameipata wapi.

Hoja haijafungwa. Je, anayejiita chawa amejikejeli, au amejisifu? Kama amejikejeli, je, ni ujanja wa kumzuia mwingine asimkejeli? Fasili mbili zimeandikwa. Moja inaiita "kejeli ya nafsi", nyingine inakataa kabisa kuiita kejeli kwa sababu hakuna kinachokosolewa. Jumamosi ijayo kundi la Mombasa litasoma zote mbili pamoja na maigizo mafupi ambayo vijana wetu wameyaandika juu ya chawa na bosi wake, kisha tutaona fasili ipi inashika.